Ukucha wa Kidole cha Pete

Katesh, Hanang

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na baridi ya huko Mbulu? Yule ng'ombe mwekundu ameshazaa, au bado mnaamka kumchungulia? Viazi vya shamba la juu naamini mmeshavitoa kabla mvua haijaviozesha. Mimi ni mzima wa mwili. Ila kuna siku hapa katikati nilishindwa kula ugali kwa mkono, na hilo ndilo limenifanya niandike badala ya kupiga simu. Simu ya kaka mnaiweka sauti ya juu, nyumba nzima inasikiliza, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Sifanyi kazi tena saluni kwa Mama Doreen. Usishtuke. Soma kwanza mpaka mwisho.

Nilipokuja hapa kutoka mafunzoni Babati nilijua kupaka rangi ya jeli, ile inayokaushwa kwa taa, lakini nilijua kama mwanafunzi anavyojua. Mwanzoni nilikosea mengi. Nilikuwa napaka nene, kwa hiyo juu inakauka na chini inabaki mbichi, na mteja akitoa vidole kwenye taa rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nikajifunza kupaka nyembamba na kurudia. Kisha rangi ikawa inagusa nyama pembeni mwa ukucha, na hapo ndipo inapoanza kunyanyuka. Nikajifunza kuifuta kwa kijiti kabla ya taa. Haya yalikuwa makosa yangu na niliyarekebisha.

Lakini bado ilibanduka. Mteja anaondoka amependeza, wiki haijaisha anarudi, kucha zimefunuka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Mama Doreen akawa ananisema mbele ya watu.

"Mikono yako ni ya kulimia viazi," aliniambia. "Ina jasho. Rangi inaikataa."

Wateja wakacheka. Nilikubali, mama. Nikawa naosha mikono mpaka ikachubuka. Nikabadilisha tupa ya kusugulia, nikaongeza muda wa taa, nikafunga ncha za kucha kwa rangi kama mwalimu wangu alivyofundisha. Haikusaidia. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba nimepoteza muda wenu bure, kwamba ningebaki nyumbani kukamua.

Siku moja tulikuwa tunawahi mteja, nikamimina spiriti ya pale saluni, ya kufutia kucha kabla ya rangi, ikanimwagikia kiganjani. Unajua spiriti, mama, ile wanayokupaka kabla ya sindano. Ikigusa ngozi unasikia ubaridi na mara imekauka. Hii ilikaa. Ilikaa kiganjani kama maji ya kisima. Nilikwenda duka la dawa nikanunua chupa yangu ndogo, nikajipaka jeli mwenyewe: mkono wa kulia nilifuta kwa spiriti ya dukani, wa kushoto kwa ile ya saluni. Kila kitu kingine nilifanya sawasawa. Mkono wa kushoto ulibanduka wote. Wa kulia haukutikisika hata nilipofua.

Baada ya hapo nikawa naangalia. Na kweli, asubuhi moja nilimwona Mama Doreen mwenyewe anapeleka chupa ya spiriti bombani, anaongezea maji, anaitikisa, anairudisha mezani. Mafuta ya mikono ya watu yalikuwa hayatoki, unyevu hautoki, na rangi inapakwa juu yake. Kitambaa cha kufutia vidole nacho kilikuwa kimoja kwa wote, na jioni kilifutia sinki la kuoshea nywele. Nilikuwa nakiona kila siku. Siku hiyo ndipo niliposhindwa kutia mkono kwenye ugali.

Nilianza kutumia chupa yangu kwa siri. Nilidhani hilo lingetosha.

Akaja Paskalina. Ni binti wa wafugaji wa Getanuwas, anakaa hapa mjini kwa shangazi yake, anauza duka la vitenge. Harusi yake ya kanisani ilikuwa Jumamosi, yeye alikuja Jumanne. Alishapakwa jeli pale saluni kabla, ukucha wake mmoja ukanyanyuka rangi, na siku ambayo sikuwepo Mama Doreen aliubandika kwa gundi, ile ya kubandikia viatu, akamwambia umepona. Sasa ulikuwa unamuuma kidogo. Ulikuwa wa kidole cha pete, mkono wa kushoto.

Niliufungia pamba yenye dawa ya kutolea rangi, nikasubiri, nikainua. Mama, nimeshika kondo la nyuma la ng'ombe, nimetoa funza kwenye kidonda cha mbwa, sikuwahi kutaka kutapika kama siku ile. Chini ya ile rangi nzuri ya waridi ukucha ulikuwa wa kijani. Kijani kama maji yaliyotuama bwawani. Na ulikuwa umelainika, unabonyea. Harufu yake ilikuwa ya kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa bila kuoshwa. Niligeuza uso pembeni, nikaona aibu kwa sababu Paskalina aliniona.

"Ni nini?" aliuliza.

Kabla sijajibu Mama Doreen alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliangalia, wala hakukunja uso. "Kawaida," alisema. "Ni rangi imechujuka. Fausta, mpake nyekundu iliyoiva, haitaonekana."

"Shangazi yake ameshalipia saluni nzima kwa ajili ya wasimamizi," alininong'oneza. "Usiniharibie."

Nilisema siwezi kupaka juu ya hicho. Nilitegemea Paskalina anisaidie, lakini naye alianza kulia. "Dada, nipakie tu," aliniambia. "Hicho ndicho kidole atakachokishika mbele ya watu wote. Nikishaolewa nitakwenda hospitali."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mwenye saluni anataka, mwenye kidole anataka, mimi peke yangu nakataa, na mimi ndiye mgeni.

Nilimwambia, "Dada, ukiufunika leo unauzibia hewa, unyevu unabaki ndani na uchafu unakula. Huenda hiyo Jumamosi ukapendeza. Baadaye ukucha wote unaweza kutoka. Sitaki uwe mkono wangu uliofanya hivyo."

Mama Doreen alicheka. "Mtoto wa juzi anatufundisha. Watu wanakuja hapa kwa urembo, hawaji kutibiwa."

Sijui nilipata wapi mdomo, maana umenilea kuheshimu wakubwa. Niliangalia mikono yake. Kucha zake zilikuwa zinang'aa, safi, hazina hata mkwaruzo, na tangu nifike sijawahi kumwona akikaa kwenye kiti cha wateja. Nikamuuliza kwa adabu, "Mama Doreen, wewe kucha zako unatengenezea wapi?"

Msusi aliyekuwa anasuka kwenye kona, bila kuinua kichwa, akajibu, "Babati. Kila mwezi anakwenda Babati."

Paskalina aliacha kulia. Aliangalia chupa, akaangalia kile kitambaa, akaangalia kidole chake. Alisimama. Mama Doreen aliniambia nichukue vitu vyangu nisirudi, nami nikachukua taa yangu na tupa zangu tukatoka pamoja, mimi na yeye, upepo wa kutoka mlimani unatupiga vumbi usoni.

Nilimsindikiza kituo cha afya, njiani nikamweleza habari ya chupa inayoongezwa maji. Nesi aliukata ule ukucha uliooza mpaka penye uzima, akampa dawa, akamwambia aache wazi na mkavu, asipake kitu. Njiani kurudi Paskalina alitangulia mbele, hakunisubiri. Nilijua ananichukia kidogo, na sikumlaumu.

Ijumaa asubuhi shangazi yake alinifuata chumbani kwangu. Nikaenda kwao na chupa yangu mwenyewe, vitambaa vipya, kila mtu na chake. Nilimpaka vidole vyote isipokuwa kile kimoja. Kanisani nilikaa nyuma. Bwana harusi alipofika kwenye pete, aliona ukucha ule nusu, mfupi, umechakaa, akasita. Nilibana meno. Kisha akaivalisha polepole sana asiguse penye maumivu, akakifunika kidole kile kwa kiganja chake mpaka mchungaji alipomaliza kusoma. Kwenye chakula wanawake walimuuliza kulikoni, na Paskalina aliwaambia wazi, akitaja saluni na chupa ya maji.

Sasa nimepata meza kwenye baraza la fundi cherehani karibu na stendi. Wateja wanakuja wachache wachache. Mama Doreen alinitumia ujumbe kwamba nirudi, tuyasahau. Sikujibu. Nikimkumbuka nasikia ile harufu. Kinachonichefua hasa ni ule uso wake ambao haukukunjamana. Kidole kinaoza kwa sababu ya kitu unachokwepa wewe mwenyewe, halafu unasema kawaida. Na kwa siku nyingi kila mkono uliowekwa mbele yangu niliushika nikiwa nimebana pumzi, hata ulio safi. Niliogopa kwamba nimeharibika, kwamba sitaiweza kazi hii tena.

Juzi, siku ya mnada, alikuja mama yake Paskalina kutoka Getanuwas. Ni mwanamke mrefu, bangili za shaba zimejaa mkononi, Kiswahili chake cha kuokoteza. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akakaa. Hakutaka rangi. Alinipa dole gumba lililopasuka ukucha kwa sababu ya kukamua, akasema, "Kata. Sugua. Basi."

Nilibana pumzi kama nilivyozoea. Aliniona. "Unaniogopa?" aliuliza, anacheka. Nikaona haya, nikaiachia pumzi, nikavuta nyingine. Mkono wake ulinuka moshi na maziwa ya asubuhi, kama wako. Nilikaa nao muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Nisalimie kaka mkubwa, na wifi anayekusaidia kuni. Bibi mpe shikamoo yangu, mwambie siku nikija nitamkata kucha za miguu mwenyewe. Mdogo wangu wa mwisho asome, asidanganywe na simu. Baba mdogo mwambie nipo, nafanya kazi.

Nibariki, mama, na uukande huo mguu kwa maji ya moto.

Ni mimi binti yako,
Fausta