Gesti Yetu ya Matogoro Imejaa

Mama Neema wangu,

Mmeamkaje huko Gaborone? Gesti tuliyoijenga kwa miaka sita ya wewe kutuma pesa imejaa: vyumba vinane, wageni kumi na watano, anayelipa ni Mzungu mmoja. Waliobaki ni ukoo.

"Nyumba ya mwanetu, tulipie nini?" kaniuliza shangazi.

Nikaapa kuwatoa leo. Lakini alfajiri ukungu wa milima ya Matogoro ulishuka mpaka madirishani, wakazama humo wote na majembe, Mzungu nyuma yao. Wamepalilia mahindi yetu yote, na Mzungu kaongeza siku nne za kukaa.

Basi, tumekubaliana: vyumba sita vya watalii, viwili vya ukoo. Shangazi kachagua chenye dirisha la mlimani, kile nilichokuwekea wewe. Njoo upesi, mpenzi. Utalala naye, lakini anakoroma taratibu.

Baba Neema