Chafya za Maua ya Mikorosho

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Hata sasa naandika nimesimama, nambembeleza mtoto. Huku Makote tu wazima. Usicheke, ubibi wangu ni wa ukoo, mvi bado.

Umeuliza kama umeze piritoni kwa hizo chafya za kila msimu. Nikiwa na umri wako zilinipata mikorosho ikichanua. Mama akasema, "Salfa hiyo!" ilhali salfa ya kupulizia mikorosho ilikuwa bado kwenye gunia. Kumbe ni maua. Nikameza piritoni asubuhi ya mtihani, nikalalia karatasi mpaka kengele.

Muulize mfamasia dawa ya mzio isiyoleta usingizi, uijaribu kabla ya mtihani wako.

Nitumie barakoa mbili za shambani, sabuni ya mtoto, na ahadi kwamba asubuhi ya mtihani piritoni hutaigusa.

Bibi yako, Mama Asha