Kona ya Godoro

Jumatatu, 2 Juni
Hatua ya kwanza asubuhi: msumari. Ya pili: msumari. Nikifika mlangoni, unapungua. Miezi saba sasa, kisigino cha kulia. Moyo ndio utakaoniua, daktari hakunificha, lakini kisigino ndicho kinachonitukana kila siku.

Kliniki moja ya mtaa wa Manika inataka kunipasua kisigino. Mwanamke wa miaka themanini na mmoja! Hasira imenijaa mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 4 Juni
Parokia imemtuma Nadine, binti wa mazoezi ya viungo. Hana kisu. Kabla ya kushuka kitandani, nivute vidole vya mguu kwa kitenge, nihesabu hadi thelathini. Nibiringishe chupa ya barafu chini ya unyayo. Nisitembee peku kwenye sementi. Niweke kitu laini ndani ya kiatu. Nivumilie, huchukua miezi. Sindano hutuliza kwa muda. Zikirudiwa mno, ukano wa unyayo unaweza kukatika.

Alisema hayo huku akitabasamu. Kitu laini ndani ya kiatu. Chakula cha mchana kimenishinda.

Ijumaa, 6 Juni
Niandike, kabla sijafa nalo.

Nilikuwa muuguzi wa zahanati ya mgodi miaka ishirini na mitano. Wanaume walikuja na visigino vyao: buti nzito, sementi, zamu ndefu. Wakubwa walitaka watu kazini. Niliandika: anafaa kazi. Wakirudi, sindano. Ilunga, fundi wa pampu, nilimchoma mara tano kisigino kilekile. Tangu ya tano anachechemea.

Kisha nikagundua amekata kona ya godoro la zahanati, ameweka sifongo ndani ya buti. Nikaandika ripoti: mwizi wa mali ya kampuni. Akafukuzwa.

Wakubwa walinipa saa ya ukutani kwa utumishi mwema. Mpaka leo inatembea, shenzi ile.

Jumapili, 8 Juni
Ilunga amenisalimu kanisani. Miaka yote hii ananisalimu! Afadhali angenitemea mate.

Nimemwagiza mjukuu wangu Bibiche amwite. Akanijibu mimi bibi yake: "Nkambo, wacha, ni bitu bya zamani." Nimemfokea. Vya zamani kwa nani? Mguu wake ni wa leo.

Jumanne, 10 Juni
Nimekata kona ya godoro langu mwenyewe. Vipande viwili.

Ilunga amekuja. Amebaki mlangoni. "Mama Odeti, umeniitia sindano ya sita?" Bibiche akacheka. Mimi sikuweza.

Nikamweleza aliyonifundisha Nadine. Akaingia, akaketi.

"Leo tu njo unajua?"

Hapana, nikamjibu. Nilijua siku ile. Nilikuona unatembea afadhali na sifongo yako. Ndicho kilichoniudhi: mgonjwa wangu amejitibu bila mimi. Godoro lilikuwa kisingizio tu.

 Saa ya ukutani ikawa inatusemea.

Akavua kiatu. Ndani mlikuwa na sifongo, ya manjano, imechakaa. Hakuacha kamwe. Akachukua vipande vyangu, akavibonyeza kwa kidole gumba.

"Weye unakata mubaya, mama. Leta kisu."

Akavichonga vyote viwili. Kimoja akakiweka ndani ya kiatu changu, kingine ndani ya chake. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Jumatano, 11 Juni
Kitenge, hadi thelathini. Nimekanyaga. Inauma, kidogo.

Godoro lina pengo upande wa miguu. Nimemkataza Bibiche asilizibe. Saa nimeishusha ukutani.