Nyasi Iko Chini ya Gunia

Baba Nakhumicha,

Chai iko kwa thamosi. Usitoke nje kabla hujamaliza kusoma hii.

Asubuhi mama yako alirauka akatupalilia uwanja. Ile nyasi mpya uliyopanda upande wa geti aliing'oa yote, akaacha mboga za mrenda na managu zilizojiotea zimesimama vizuri. Ati kwao Matulo nyasi ikifika mlangoni, watu husema mke ni mvivu. Nilimshukuru tu. Wewe ungesema nini?

Nyasi yako haijakauka. Nimeifunika na gunia lenye maji kando ya mfereji. Ipande jua likipoa, ushindilie udongo, umwagilie pole pole. Magugu yale aliyoyaacha yang'oe na mizizi, udongo ukiwa bado na maji.

<s>Mwambie asiguse tena.</s> Usimwambie kitu. Nimempeleka Endebess kwa dada yako ili upate nafasi. Tutarudi usiku.

Mrenda nimeuchuma, uko kwa sufuria. Umeshinda nyasi yako kwa utamu.

Kesho akiuliza, sema nyasi imeota tena. Amepigana nayo kwa mahindi maisha yake yote. Hiyo ataamini.

Mama Nakhumicha, yule mvivu