Ukurasa wa Mwisho wa Akina Chibwibwi

Mama Zuhura, mwenzangu,

Kitabu cha saba kimetoka. Nimeona nikwambie mwenyewe, maana ulipotutoka ulikuwa umebakiza ukurasa mmoja tu, ule ambao akina Chibwibwi wote wamekaa chini wanakula.

Miaka yote hapa Mkunya kazi yetu ilijulikana: mimi naandika maneno, wewe unawachora viumbe wetu. Masikio majani ya muhogo, pua korosho, na bibi yao amevaa ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, kwenye mdomo wa juu kama bibi yako wewe. Siku niliyojaribu kuchora kuku ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Mama Beno, hilo ni birika!"

Baada ya arobaini yako mchapishaji alinipigia kutoka Dar es Salaam. Amepata mchoraji wa kompyuta, atamalizia. Nikakubali, sikuwa na nguvu. Picha ikaja kwenye simu: nyumba ya vigae, meza na viti, bibi hana ndonya. Nikawaonyesha watoto wa darasa la pili.  Somoe akanyoosha mkono: "Mwalimu, hawa ni wageni wa akina Chibwibwi?"

Nilitoka nje nikalia, Mama Zuhura. Nililia... halafu nikaacha. Nikampigia mchapishaji.

"Hao si wa kwetu. Ukurasa nitauchora mimi."

"Kwani unajua kuchora, Mwalimu?"

"Sijui. Nipe miezi mitatu."

Binti yako alinipa rangi zako. Nikaharibu karatasi, nikaharibu nyingine. Bibi alinitesa kuliko wote, ndonya yake haikutaka kukaa katikati. Mwishowe nikamwacha na mdomo wa upande, kama mtu anayetaka kusema jambo. Nikarudi darasani. Safari hii Somoe hakuuliza kitu. Aliweka kidole kwenye picha, akaanza kuwataja kwa majina, mmoja mmoja, mpaka kichanga.

Mchapishaji naye akaikubali.

Nimekukosa, sitaficha. Chai ya saa nne nakunywa peke yangu, na bado sijazoea. Lakini kazi yetu inaendelea. Cha nane nimeshakianza, na nakuahidi kila ukurasa nitauchora mwenyewe, hapahapa, bila kumwomba mtu ruhusa.

Mola akulaze pema, mwenzangu. Naishia hapa, rangi inakauka.

Mama Beno