Kifungu cha Saini Mbili

Jumatatu, 12 Mei

Uji umekuja mapema. Mwepesi, sukari kidogo. Mwanatumu aliuweka kwenye kidirisha, akabisha, akarudi nyuma kabla sijanyoosha mkono. Ndiyo desturi yetu. Yeye ni muuguzi wa kituo hiki cha afya hapa Lunga Lunga, na ufunguo wa mlango wangu unakaa mfukoni mwake.

Nimefagia chumba. Nimefua kanga. Kazi za kutwa zimekwisha na jua bado halijafika ukutani.

Vipele vimeanza kukauka. Homa hakuna tangu juzi. Nina hakika ni zile dawa za salfa nilizomeza Tanga. Nilikuwa nimemrudisha shangazi kwake baada ya yeye kuja kumjulia hali Baba. Huko nikashikwa na malaria, nikanunua dawa dukani, mwili ukatoka vipele. Wakati wa kurudi, Wafula, afisa wa afya wa mpakani, akaiona mikono yangu. Akanipima joto. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu nisimame kando ya foleni, na tangu hapo niko kando.

Anaogopa ule ugonjwa wa vipele unaotangazwa redioni. Simlaumu. Vipimo vimepelekwa Nairobi.

Baba yuko Bodo, kitandani. Figo. Kaka yangu Suleiman anasema anakula kidogo. Kutoka hapa kwa pikipiki ningefika kwetu kabla chai haijapoa kwenye chupa.

Jumanne, 13 Mei

Mvua. Bati linapiga kelele mpaka siwezi kusikia simu.

Nina jirani. Mhando, dereva wa lori kutoka Korogwe, yuko chumba cha pili. Yeye alikutwa na homa kali tu, vipele hana. Tunazungumza kupitia ukuta wa mbao. Hatujaonana sura. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ni mfasiri katika bunge la kaunti. Miswada huandikwa kwa Kiingereza, mimi naigeuza Kiswahili, kisha tunaipeleka vijijini wananchi waulizwe kabla haijawa sheria.

"Basi waambie wakufungulie, dada," akasema, akacheka.

Nikacheka nami. Sikufurahi.

Jumatano, 14 Mei

Majibu yametoka. Sina ugonjwa. Mhando naye hana. Wafula alikuja mwenyewe, bila barakoa, akasimama karibu kabisa na kidirisha na kunionyesha karatasi. Ameshatia saini. Nilisujudu palepale sakafuni. Nikafunga mkoba. Nikavaa buibui. Nikakaa kitandani kama abiria.

Mlango haukufunguliwa.

Mwanatumu alikuja baada ya adhuhuri. Macho chini.

"Nisamehe, dada Mejumaa. Hii saini ni moja. Ya kaunti haipo."

Nilijua kabla hajamaliza. Sheria ya Nairobi, ya serikali kuu, inasema aliyezuiwa mpakani huachiliwa na afisa aliyemzuia. Sheria ya kaunti inasema aliyewekwa katika chumba cha kutengea wagonjwa cha kaunti hatoki mpaka daktari mkuu wa kaunti ndogo naye atie saini. Mimi nimezuiwa na serikali moja na kulazwa na nyingine. Mpaka ni wa Nairobi. Kitanda ni cha kaunti.

Na daktari amekwenda Makka kuhiji. Ruhusa yake ni halali, Mungu amtakabalie. Kaimu wake yupo ofisini, lakini uteuzi wake haujaidhinishwa na waziri wa afya wa kaunti. Hana mamlaka ya kutia saini hata ya kumtoa paka.

Ninakijua kifungu hicho kwa moyo. Nilikifasiri. Nilikisoma kwa kipaza sauti hapahapa Lunga Lunga, kwenye uwanja wa shule, na watu wakapiga makofi. Walikuwa na sababu. Waliwahi kuona mgonjwa wa kuharisha akiruhusiwa mpakani bila kaunti kuambiwa, na vijiji vikalipia. Bibi mmoja alisimama akasema, "Huko Nairobi hawajui tunachota maji wapi. Na sisi tuulizwe kwanza." Nikaona maneno yale ni ya haki. Bado nayaona ni ya haki.

Nimefungua mkoba tena. Nimetoa mswaki.

Alhamisi, 15 Mei

Asubuhi. Baba hazungumzi. Suleiman alimwekea simu sikioni. Nikatoa salamu, nikasema "Shikamoo Baba", nikasikia pumzi tu. Suleiman anasema alipoisikia sauti yangu aligeuza kichwa kuelekea mlangoni.

Nimepiga simu kutwa. Mwanasheria wa bunge ni mtu wangu, tunakula meza moja. Alinisikiliza vizuri. Alisema afya mashinani ni kazi ya kaunti, mipaka ya nchi ni kazi ya serikali kuu, na zikigongana, mahakama ndiyo inayoamua ipi ifuatwe. Nikamuuliza nitafikaje mahakamani. Akasema atampigia mtu wa wizara.

Mtu wa wizara ya kaunti alisema saini ya Wafula inatosha kisheria, lakini yeye hawezi kuliandika hilo. Mtu wa Nairobi alisema Wafula amemaliza kazi yake, jengo si lao. Wote waliniita mama. Wote walinipa pole. Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo baya zaidi: natafuta mtu wa kumkasirikia na simpati.

Baadaye.

Nataka niliandike hili leo hii.

Baada ya alasiri Mwanatumu alileta chai. Hakuiweka kwenye kidirisha. Alifungua mlango, akaiweka ndani, juu ya stuli. Akasema, "Mimi nakwenda kumpima mtoto mmoja kule mbele. Nitakawia." Akaurudishia mlango bila kuufunga kwa ufunguo. Nilisikia viatu vyake vikiondoka polepole, kama mtu anayetaka asikike.

Nilisimama. Nilimfikiria, ana watoto, na mkataba wake wa kazi ni wa kuombaomba kila unapokwisha. Nikamfikiria Baba amegeuza kichwa. Nikatoka.

Mhando alisikia. "Nenda salama, dada," akasema kwa sauti ya chini.

Nje mwanga uliniumiza macho. Nikapita nyuma ya choo, nikatokea barabarani, malori yamepanga foleni mpaka mbali. Hakuna aliyenitazama. Nikafika kituo cha pikipiki. Nikamwambia dereva wa kwanza, "Bodo, mwanangu. Haraka." Akawasha. Kisha mwenzake akaniangalia mikono.

"Huyu si yule wa kule kituoni?"

Pikipiki ikazimwa. Wakarudi nyuma wote, kwa pamoja, kama maji yanavyokimbia mguu. Nikasema nimepimwa, sina kitu, majibu yapo. Nikawaonyesha mikono, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Mwanamke wa mihogo akafunika sinia lake. Mmoja akasema wapigiwe polisi. Mwingine, mtu mzima, akaniambia kwa adabu kabisa, "Bi mkubwa, tafadhali rudi. Sisi tuna watoto."

Hawakunirushia mawe. Hawakunitukana. Waliacha duara tupu kunizunguka, na nilipopiga hatua, duara nalo likasogea.

Nikarudi. Njia ileile, nyuma ya choo. Nikaingia, nikaurudishia mlango mwenyewe. Chai ilikuwa pale kwenye stuli. Nikainywa.

Mwanatumu aliporudi alinikuta nimekaa. Hakuuliza. Aligeuza ufunguo huku analia.

Ijumaa, 16 Mei

Baba amefariki. Alfajiri.

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wamemzika baada ya sala ya Ijumaa. Suleiman alitaka kunipigia wakati wanamtoa nyumbani. Nilikataa, kisha nikampigia mimi. Nikasikia watu wanavyolipokezana jeneza, shahada, miguu kwenye mchanga. Kisha mtandao ukakatika.

Sikumwona uso.

Mhando alinisomea Yasini kupitia ukuta. Ana sauti nzuri. Alikosea aya moja akarudia.

Jumamosi, 17 Mei

Sikuinuka.

Jumapili, 18 Mei

Watu wa kituo cha pikipiki wamepeleka malalamiko kuwa mgonjwa alitoroka. Mwanatumu ameitwa na msimamizi wake ajieleze. Nilimwambia nitasema nilivunja komeo. Akasema, "Komeo lenyewe hilo, halina hata alama. Niache, dada. Nitasema nilisahau." Ana hasira. Si kwangu, anasema, lakini uji aliuweka kwenye kidirisha na hakubisha.

Nami nina hasira naye. Aibu kubwa kuiandika. Laiti asingeacha mlango wazi, ningebaki naamini kwamba kinachonizuia ni mlango.

Jumatatu, 19 Mei

Wafula alikuja, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya kidirisha. Anatoka Bungoma, Kiswahili chake kina haraka.

"Mama, ningekuacha upite siku ile..."

"Na ningekuwa na ugonjwa?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. Akaniambia mama yake alifariki yeye akiwa zamu katika mpaka mwingine, na hakupewa ruhusa. Nikampa pole. Ajabu, pole ilikuwa ya kweli.

Mwanasheria alipiga simu jioni. Rambirambi kwanza, ndefu, nzuri. Kisha akasema kamati ya afya imesikia habari zangu na inataka kukirekebisha kifungu. Pakiwa na majibu safi ya maabara, saini yoyote kati ya mbili itatosha. Ila Nairobi nako watakuwa na kanuni zao mpya za mipakani, bungeni hawajaziona, na huenda zikasema vingine. Akaniuliza kama ningependa kuifasiri rasimu nikipata nafasi.

Nikamwambia nafasi ninayo.

Nimeifasiri kwenye simu, nimelala chali. Maneno machache sana. Nilipofika kwenye "yoyote kati ya" nikasimama. Nikamkumbuka yule bibi wa uwanja wa shule. Atasema nini nikirudi kumsomea kwamba sasa si lazima aulizwe? Na wale wa kituo cha pikipiki, wao si walikuwa wanafanya kile tulichowaahidi, kuwa na neno juu ya nani anatoka? Nimeandika chini ya rasimu: kaunti ijulishwe siku hiyohiyo. Mfasiri hatakiwi kuongeza neno. Nimeongeza. Wakitaka walifute.

Jumanne, 20 Mei

Kaimu ameidhinishwa. Saini imekuja saa za asubuhi kwa simu, picha ya karatasi, imepinda kidogo. Mwanatumu alifungua mlango, akaubana kwa tofali usijifunge. Tulikumbatiana. Barua yake ya kujieleza bado haijajibiwa.

Mhando naye alifunguliwa, nikamwona sura kwa mara ya kwanza. Mfupi, mzee kuliko sauti yake. Alinipa mkono. Watu wa kituoni walikuwa wanatazama, akaushika kwa muda mrefu makusudi.

Wafula alinipeleka Bodo kwa gari la ofisi. Hakusema kama ameruhusiwa.

Alhamisi, 22 Mei

Bodo.

Jana walisoma khitma tena kwa ajili yangu, kwa kuwa ya kwanza sikuwepo. Wanawake walijaa uani. Walinipa pole, kila mmoja, kwa maneno yanayostahili, wakiwa wamesimama hatua moja mbali kuliko kawaida. Wali ulipoletwa, masinia yakawekwa kati, kila sinia na watu wake. Mimi nililetewa sahani. Safi, ya maua, imefunikwa vizuri. Wifi yangu aliiweka mbele yangu bila kunitazama. Najua alitumwa na wakubwa.

Mikono yangu ina madoa bado. Nikaanza kula peke yangu katikati ya watu wote wale.

Bi Nimwaka, jirani wa ukuta mmoja, aliyekuwa akimpikia Baba uji nilipokuwa kazini, aliinuka kwenye sinia lake. Magoti yanamsumbua, alichukua muda. Akaja akakaa mkekani upande wangu, akanawa kwenye bakuli langu, akatia mkono katika sahani yangu. Akachagua kipande cha samaki, akatoa miiba, akakiweka upande wa kwangu.

Akaniambia Baba alikufa amelala ubavu wa kulia, na kwamba yeye ndiye aliyemfumba macho.

Tukala mpaka sahani ikaisha.

Leo nimefagia ua. Suleiman amekwenda shamba. Mvua imekatika, mchanga umeshikana, ufagio unaacha mistari.