Unga Mbele ya Tundu

S.L.P. 41,
Spring Hollow, Minnesota.
27 Julai

Mpendwa Mjomba Vernon,

Salamu nyingi kwako huko Arizona. Natumaini wewe na binamu Kirsten hamjambo, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima, Mama ni mzima. Bibi pia ni mzima, ingawa wewe umeshamtangazia ugonjwa.

Unajua mimi si msemaji, ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Ulipokuja kwa sikukuu ya Nne ya Julai ulimwona kicheche akiingia kwenye tundu chini ya baraza la mbao la Bibi. Kesho yake mchana ukachukua ubao na nyundo. Bibi alikuambia, "Vernon, mwaga unga kwanza mbele ya tundu. Ukiona nyayo zimetoka, ndipo uzibe."

Ukacheka. "Mama, hapa tunajenga au tunakaanga samaki?" Ukagongomea, ukapanda gari, ukaenda zako.

Mjomba, mchana kicheche hulala. Ulimfungia ndani, yeye na watoto wake. Nimesoma vitabu vya maktaba kuhusu wanyama hawa, na vyote vinasema kile ambacho Bibi alikuambia bila kufungua kitabu.

Jioni ile akapuliza maji yake yanayonuka. Harufu ilipenya sakafu ikaingia kwenye mapazia, kwenye magodoro, hata kwenye mkate. Kanisani watu walituachia benchi zima. Macho ya Bibi yalivimba, ikabidi alale kwetu.

Hapo ndipo ulipompigia Mama simu kusema nyumba imemshinda Bibi, iuzwe, naye apelekwe kwenye makao ya wazee. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote. Ubao hukuutaja. Mama akasema harufu isipoisha kabla ya shule kufunguliwa, Bibi atahama. Bibi hakubisha. Alikaa tu akifungua na kufunga mkoba wake. Hilo bado sijakusamehe.

Basi mimi na Bibi tuliung'oa ubao wako. Misumari uliipigilia utadhani unaunda meli. "Taratibu, mjukuu wangu," Bibi akaniambia. "Huyu mama mwenzangu naye ameshachoshwa na mjomba wako."

Tuliacha kuweka chakula cha paka kwenye ngazi, maana ndicho kilichomvuta. Tukasukuma matambara yenye siki ndani ya tundu, na mchana kutwa tukamwekea redio ya wakulima. Bibi alisema hakuna mama anayeweza kulaza watoto huku akisomewa bei za nguruwe. Kila jioni tulimwaga unga.

Jumatano asubuhi nyayo zilikuwepo: kubwa za mama, na ndogondogo nyuma yake, zote zikielekea shamba la mahindi. Hakuna zilizorudi. Tukafukia wavu wa chuma kuzunguka baraza, chini tumeukunja kuelekea nje asije akachimba tena. Mvua ikinyesha harufu bado inasikika kidogo. Lakini jana Mama alikuja, akamaliza kahawa yake mezani kwa Bibi, na habari za makao ya wazee hakuzigusa. Bibi amelala kitandani kwake.

Anasema Siku ya Shukrani uje, ila nyundo uiache Arizona. Mimi nisingekualika.

Msalimie sana Kirsten. Mungu akulinde, na akupe masikio.

Aliyehama nyumba hii ni kicheche, Mjomba. Nyayo zake tumeziona kwenye unga. Za Bibi hazimo.

Mpwa wako akupendaye, ingawa wiki hii kwa shida,
Astrid